Duka la dawa Mwanjelwa, Mbeya, lililokataa kuniuzia dawa

Nyota 5 natoa na nasema kwa moyo wote. Mimi kipandauso (kile kichwa kikali cha upande mmoja) kilikua kinanishika mara mbili tatu kwa mwezi tu, ila kufika mwezi wa saba, na baridi la Uyole mnalijua, nikawa nameza vidonge vya maumivu karibu kila siku, maduka mengine wanakupa tu hata hawaulizi. Hapa dada wa kaunta alirudisha hela yangu, akashusha kalenda ukutani, akanipa peni niweke alama siku nilizomeza mwezi uliopita. Zikafika 19! Akasema dada angu, dawa zenyewe ndo zinakuletea kichwa saizi, parasetamo ukifikisha siku 15 kwa mwezi, zaidi ya miezi 3 mfululizo, au zile zilizochanganywa na kafeini siku 10 tu, kichwa kinageuka cha kila siku. Hakuniuzia kitu, akanituma kwa daktari, nikaanzishiwa propranolo, dawa ya kuzuia kipandauso kisije (mwenye pumu aseme mapema, haimfai). Wiki 2 za mwanzo bila vidonge niliteseka jamani. Mwezi huu alama ni 4. Jioni foleni ndefu, nendeni asubuhi.