Uzoefu wangu: Maonyesho ya mazingaombwe ya mume na mke mjini Tabora

Kwa yeyote anayejiuliza kama kuna haja ya kutoa shilingi 10,000 na kukaa karibu saa tatu katika ukumbi wenye joto akiwatazama mume na mke wakifanya mazingaombwe, jibu langu ni kwamba haja ipo. Nimetazama maonyesho ya aina hii tangu nikiwa shule ya msingi, lakini sijapata kutoka ukumbini nikiwa nimestaajabu na wakati huohuo nimeheshimiwa kama nilivyotoka safari hii, na ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu.

Wanandoa hawa wanazunguka katika miji iliyo kando ya Reli ya Kati. Walianzia Kigoma, wakaja Tabora kwa treni na masanduku yao, na kutoka hapa walikuwa na safari ya Dodoma. Gari la matangazo lilipita Isevya, Ng'ambo na Kanyenye tangu asubuhi, likitangaza kiingilio cha shilingi 10,000 kwa mtu mzima, 5,000 kwa mtoto na 20,000 kwa wanaotaka viti vya mbele. Nilikwenda na mama yangu mzazi pamoja na binti yangu aliye darasa la sita. Mama hakutaka kwenda. Kwake yeye, mtu anayeingia sandukuni akatokea kwingine ni mtu wa kuepukwa, na alikubali kwa sababu tu mjukuu wake alimbembeleza mchana kutwa.

Hofu ya mama ina chanzo chake. Wengi wetu tuliosoma huku tunawakumbuka wanamazingaombwe waliokuwa wakipita shuleni, wanafunzi wakichangishwa fedha kidogo ili waruhusiwe kuingia darasani kutazama. Baadhi yao walikuwa mafundi hodari kabisa, lakini wapo waliojijengea jina kwa kututisha: walitafuna viwembe, walijifanya kukata ulimi, kisha wakatuonya kwamba atakayethubutu kutoka kabla ya mwisho atapatwa na jambo. Hakuna aliyetueleza kwamba tulichokiona ni ustadi wa mikono na mazoezi. Tulirudi nyumbani tukiwa na hakika kwamba tumemwona mchawi kwa macho yetu, na mchawi mwenyewe ameletwa na mwalimu mkuu.

Wanandoa hawa walianza kwa kuiondoa hofu hiyo. Kabla ya muziki na kabla ya taa za rangi, mume alisimama mbele ya pazia, akawasalimu wazee kwa Kinyamwezi, akaeleza kwa sauti tulivu kwamba kila tutakachokiona usiku ule ni kiini macho, kwamba yeye na mke wake hawana jini, hawana hirizi wala dawa, na kwamba walichonacho ni miaka mingi ya kujifunza namna jicho la binadamu linavyoweza kupotoshwa. Mke aliyarudia maneno hayo kwa namna yake, akiwataka wazazi wawaeleze watoto. Nchi yetu bado inayo Sheria ya Uchawi iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928, na mkoa wetu, kama ilivyo kwa jirani zetu wa Shinyanga na Mwanza, umewahi kuwazika vikongwe waliouawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Katika mazingira hayo, msanii anayeweza kujipatia heshima na fedha nyingi zaidi kwa kunyamaza tu na kuacha watu waamini wanavyotaka, halafu akachagua kusema kweli, anastahili kutajwa kwa jambo hilo kabla ya jingine lolote.

Naamini hivyo kwa sababu historia ya sanaa hii ina mifano ya kinyume. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria mwanamazingaombwe mashuhuri, Jean-Eugène Robert-Houdin, ili awaonyeshe wenyeji kwamba uwezo wa Wafaransa ulizidi ule wa viongozi wao wa dini. Miongoni mwa vifaa vyake lilikuwamo sanduku dogo ambalo mtoto angeweza kuliinua, lakini mara tu alipotaka, mwanamume mwenye nguvu alishindwa hata kulisogeza, kwa kuwa chini yake palikuwa na sumaku ya umeme. Ufundi ulikuwa halali, ila matumizi yake yalikuwa ni kuwatawala watu kwa kutumia kile wasichokijua.

Sehemu ya kwanza ya maonyesho ilikuwa ya michezo midogo: kamba iliyokatwa ikaungana, pete za chuma zilizopenyana bila upenyo, na kanga ya mke iliyobadilika rangi mara kadhaa bila yeye kuondoka jukwaani. Yote yalifanyika vizuri na kwa haraka, na sina la kuongeza, isipokuwa kwamba kanga iliwafanya akina mama wote wa safu yetu wasimame.

Kisha likaja embe. Mume alimwomba kijana mmoja wa safu ya kati noti ya shilingi 10,000, akamtaka aandike jina lake kwa kalamu ya wino kando ya picha ya tembo na aisome namba ya noti kwa sauti ili jirani yake aiandike. Noti ilikunjwa, ikawekwa katika bahasha, bahasha ikachomwa moto mbele yetu. Kijana hakufurahi, na sisi tulicheka. Wakati huo mke alikuwa amekwishawapitishia watazamaji kapu la maembe, matunda ambayo kila mtu wa Tabora anadhani anayajua kuliko mtu yeyote duniani, na bibi mmoja alikuwa amechagua moja, akalinusa, akalibonyeza, akalishika mapajani muda wote. Mke alimpa kisu alikate mwenyewe. Noti ilikuwa ndani, imelowa maji ya embe, ina jina lile na namba ileile. Nilipenda kwamba hawakugusa tunda tangu bibi alipolichagua, au angalau sikuona wakiligusa, na nilipenda zaidi kwamba kijana alirudishiwa noti yake pamoja na embe la kwenda nalo nyumbani.

Kilele cha usiku kwangu kilikuwa sanduku. Walimwita jukwaani fundi seremala, mtu ambaye wengi ukumbini tunamfahamu kwa kazi zake, akaligonga kila ubao, akalala chini kutazama kitako chake, akatikisa bawaba, akakiri kwamba hakuona kasoro. Mume alifungwa mikono kwa kamba, akaingia katika gunia, gunia likafungwa mdomo, akalazwa sandukuni. Kufuli zilifungwa na fundi mwenyewe, na funguo akazitia mfukoni mwake. Mke alipanda juu ya sanduku akiwa ameshika pazia jepesi lililozunguka mwili wake hadi shingoni. Akapiga makofi mara moja, mara mbili, akajifunika kichwa, na kofi la tatu likapigwa na mume, amesimama palepale aliposimama mkewe, mikono huru, jasho likimtiririka. Fundi alipofungua kufuli na gunia, mke ndiye aliyekuwa ndani, amefungwa mikono, na amevaa gauni la rangi nyingine kabisa. Hapakuwa na nafasi hata ya kuvuta pumzi kati ya uso wa mmoja na uso wa mwingine.

Mchezo huu ni wa zamani na una uhusiano wa pekee na ndoa. Harry Houdini, mwanamazingaombwe mzaliwa wa Budapest aliyekulia Marekani, aliucheza kwanza na ndugu yake, na alipomwoa Bess mwaka 1894, mke akachukua nafasi hiyo na wakazunguka nao katika kumbi ndogo na sarakasi kwa miaka kadhaa kabla Houdini hajawa maarufu kwa kujifungua pingu. Nikiwatazama wanandoa wetu nilielewa kwa nini ulifaa watu wa nyumba moja. Siri yoyote iliyomo, haiwezi kufanya kazi kama wawili hao hawafahamiani mwendo, uzito na pumzi. Anayekwenda pole huonekana, na anayewahi humwumbua mwenzake.

Baada ya mapumziko mke alikaa kitini katikati ya jukwaa, macho yamezibwa kwa madonge ya unga uliokandwa, kisha kitambaa cheusi juu yake, na mume akashuka kati ya watu. Aliinua tasbihi, mke akasema ni tasbihi na idadi ya shanga zake. Aliinua kitambulisho, mke akataja mwaka wa kuzaliwa wa mwenyewe. Aliinua chupa ndogo ya asali, na mke akatabasamu kabla ya kusema. Watu wa Ulaya waliwahi kuona jambo la aina hii kwa Julius na Agnes Zancig, mume na mke wenye asili ya Denmark waliovuma London mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kucheza kusomana mawazo, na ambao siri yao ilikuwa mfumo wa maneno na ishara za siri waliokuwa wameukariri kwa bidii kubwa. Sitajaribu kubashiri njia ya hawa wetu, wala sidhani kwamba mtazamaji muungwana anapaswa kuitangaza hata akiigundua.

Ninachotaka kukisimulia ni kilichofuata. Mzee mmoja aliyekuwa amesafiri kutoka upande wa Sikonge alisimama, akasema kwamba ameibiwa ng'ombe wawili, na akamwomba yule mama, kwa kuwa anaona bila macho, amtajie mwizi. Ukumbi wote ulinyamaza, na kulikuwa na watu ambao bila shaka tayari walikuwa na jina vichwani mwao. Mke alivua kitambaa na kuondoa unga, akasimama, akamwambia: "Shikamoo baba. Pole sana kwa ng'ombe wako. Sisi hatupigi ramli, baba yangu. Nikikutajia jina la mtu hapa nitakuwa nimekudanganya, na mtu huyo anaweza kuumia bila kosa. Tafadhali, kesho nenda polisi." Mume aliongeza kwamba yote aliyoyataja mke wake yalitokana na mazoezi baina yao wawili, na kwamba asingeweza kutaja kitu ambacho mumewe mwenyewe hakijui. Kwa kusema hivyo walipunguza utamu wa mchezo wao wenyewe, maana walitoboa nusu ya siri. Walikuwa tayari kupoteza mchezo ili mtu asipoteze maisha, na sina sifa kubwa kuliko hiyo ya kumpa msanii. Mama yangu, ambaye hadi hapo alikuwa ameushika mkono wangu, aliuachia, akapiga makofi.

Mchezo wa kumkata mtu kwa msumeno, uliowekwa mwishoni na kutangazwa kuliko yote, haukunipendeza sana. Mwanamazingaombwe Mwingereza P. T. Selbit aliuonyesha London tarehe 17 Januari 1921, na tangu hapo umechezwa kila mahali kiasi kwamba anayeucheza leo anapaswa kuleta jambo jipya. Hawa waliucheza kwa usahihi, lakini sanduku lao lilikuwa kubwa mno kwa jukwaa lile, likachukua muda kuzungushwa, na mshangao ukapoa. Baada ya kumwona mke akiongoza, akizungumza na akipanda juu ya sanduku, sikuona sababu ya kumrudisha katika kulala kimya na kukatwa. Ningependa kuona wakibadilishana nafasi. Vilevile mume alitoa utani mmoja kuhusu wake wanaozungumza sana, na utani huo haukulingana na kazi aliyokuwa ameifanya mkewe usiku huo. Watu wachache walicheka, na nadhani yeye mwenyewe aliliona hilo kwa sababu hakuurudia.

Upande wa maandalizi una kasoro zinazopaswa kurekebishwa. Tiketi ilisema saa moja jioni, nasi tulianza saa mbili kasoro dakika chache, watoto wakiwa wameshachoka. Kipaza sauti cha mume kilikuwa kikikwaruza, hivyo waliokaa nyuma walikosa sehemu ya maelezo yake ya mwanzo, na hayo ndiyo maelezo ambayo hakuna aliyepaswa kuyakosa. Sakafu ya ukumbi ni tambarare na viti ni vya plastiki, kwa hiyo mtoto aliyeketi nyuma ya mtu mrefu haoni meza wala mikono. Umeme ulipokatika, jenereta iliwashwa haraka na maonyesho yakaendelea, jambo ambalo nawapongeza waandaaji kwa kulitayarisha.

Kwa watakaowapata katika miji inayofuata, nashauri wasilipie viti vya shilingi 20,000. Ukikaa mbele kabisa unalazimika kuinua shingo, na mchezo wa sanduku unapendeza zaidi ukiuona kwa umbali wa safu tano au sita, katikati. Mtoto wa chini ya miaka saba atalala kabla ya mapumziko, lakini wa darasa la nne kwenda juu atafaidi kila dakika. Mpeleke pia mzee wa nyumbani ambaye anaogopa mambo haya, na mfike mapema ili asikie yale maneno ya mwanzo.

Nimezungumza na wanandoa hao mlangoni wakati wa kutoka, nikawaomba waandae onyesho la mchana kwa ajili ya shule, lenye kiingilio kidogo na bila msumeno, na wakirudi wapite pia Urambo na Kaliua, ambako treni husimama. Mke alisema kwamba gharama ya kushusha na kupakia masanduku katika stesheni ndogo ndiyo inayowazuia, lakini mchezo wa embe, kamba na kanga unaingia katika mabegi mawili, na kwa huo wako tayari shule ikiwaalika. Nimeanza kulizungumza jambo hili na walimu ninaowafahamu.