Kibandiko cha kilomita 3,000: uzoefu wangu na gereji moja ya kubadilisha oili

Kwa haki niseme kwanza kwamba kazi yenyewe ilifanywa vizuri. Fundi aliyeingia chini ya gari aliiacha oili ya zamani ichuruzike yote, akabadilisha filta bila kukumbushwa, akaweka washa mpya (kile kipete cha kuzuia uvujaji) kwenye nati ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, kisha akaikaza kwa spana yenye kipimo badala ya mabavu. Alipomaliza aliiwasha injini, akaizima, akasubiri dakika chache ndipo akapima kiwango, gari likiwa mahali tambarare. Kwa hayo peke yake ningewapa alama zote. Linalonichoma ni mhudumu wa mapokezi, pamoja na kibandiko alichokibandika kwenye kona ya kioo changu cha mbele bila kuniuliza, kikiniamuru nirudi baada ya kilomita 3,000.

Kitabu cha gari langu kinataka oili ya sintetiki ya 0W-20 (namba inayoonyesha wepesi wa oili), nayo ibadilishwe kila kilomita 10,000 au kila baada ya miezi 12, lolote litakalotangulia. Nilimweleza mhudumu huyo jambo hilo kwa utulivu kabla kazi haijaanza. Jibu lake lilikuwa kuchomoa kijiti cha kupimia oili, kukipangusa kwenye karatasi nyeupe na kuinua karatasi hiyo juu ili wateja wengine waliokuwa wakisubiri nao waone. "Mzee, tazama ilivyo nyeusi! Hii imekufa zamani, hapa unasaga vyuma tu." Kisha akacheka, na mmoja wa wateja akacheka naye.

Oili ya injini hutiwa viambato vya kusafisha na vya kushikilia masizi yaelee ndani yake, yasije yakagandamana kwenye vyuma, hadi siku itakapomwagwa na uchafu wake. Kwa hiyo oili iliyobadilika rangi mara nyingi ni oili inayofanya kazi iliyotiwa kuifanya, na katika injini ya dizeli inaweza kuwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Kinachoichosha ni viambato hivyo kwisha, asidi zinazotokana na mwako, na petroli na maji yanayojipenyeza ndani yake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosomeka kwa kutazama rangi kwenye karatasi. Mtu anayelipwa kushauri wenye magari angepaswa kulijua hilo, au basi angenyamaza.

Nilimwuliza hiyo 3,000 imetoka wapi. "Wote tunawaandikia hivyo." Nashuku, ingawa siwezi kuapa, kwamba namba hiyo ni mabaki ya desturi ya zamani ya Marekani ya kubadilisha oili kila maili 3,000, wakati oili za kawaida zilipokuwa duni kuliko za leo. Maili hizo ni karibu kilomita 4,800, kwa maana kwamba hata hiyo desturi ya kale hakuifuata sawasawa. Ameichukua namba na kuyaacha maili.

Hasira yangu inazidi ninapokumbuka kwamba huenda alikuwa na hoja, ila hakujua kuwa anayo. Kilomita 10,000 za kwenye kitabu ni za gari linaloendeshwa katika mazingira ya kawaida. Gari linalokwenda safari fupi fupi halipati moto wa kutosha kuyafukuza maji na petroli iliyochanganyika na oili. Linalosimama kwenye foleni injini ikinguruma huongeza saa za kazi bila kuongeza kilomita. Linalopita kwenye vumbi jingi au kuvuta tela nalo huichosha oili mapema. Watengenezaji wengi huagiza muda upunguzwe kwa magari ya namna hiyo, mara nyingi hadi nusu. Safari zangu nyingi ni fupi. Angeniuliza swali moja tu, kwamba mzee, gari hili unalitumiaje, tungekubaliana kilomita 5,000 na ningemshukuru. Wala sitetei uchelewaji: oili iliyopitiliza hugeuka tope zito, huzifanya ringi za pistoni zigande, na turbo huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kulia.

Nilikuwa tayari kuyameza hayo yote hadi nilipopewa risiti. Imeandikwa "oili ya injini", basi. Nilipomwuliza ni oili gani, alijibu bila kuinua macho: "Nzuri." Hebu fikirini maana ya jibu hilo. Kama alinitilia oili ya kawaida isiyo ya sintetiki, hesabu za kitabu changu haziniongozi tena, na kibandiko chake kinaweza kuwa sahihi! Ananinyima taarifa pekee ambayo ingeniwezesha kuamua, halafu ananiamulia yeye. Ilinibidi nizunguke hadi nyuma ya gereji kumtafuta fundi, ambaye alinionyesha chupa alizotumia bila kinyongo: 0W-20 ya sintetiki, daraja la ubora la API SP, la Taasisi ya Petroli ya Marekani, vile vile kitabu kinavyotaka.

Nilikusudia kuandika kwamba mtu asikanyage hapo kabisa, lakini nikimkumbuka fundi yule kalamu inakuwa nzito. Alama nne, basi. Hapana, nikilikumbuka lile "nzuri" nazishusha ziwe mbili, na hizo zote ni za fundi. Nitarudi, kwenye kilomita 5,000, mradi nihudumiwe na fundi huyo na aina ya oili iandikwe kwenye risiti kabla nati ya sampu haijafunguliwa.