Amplifaya na waya mpya: kipi hasa kinabadilisha sauti ya hedifoni?

Haya watazamaji wangu, karibuni tena. Hapa mezani nina hedifoni moja, amplifaya mbili na nyaya tatu za kubadilishia. Swali mnaloniuliza kila wiki ni lile lile: ninunue amplifaya au nibadilishe waya? Nimekaa na vifaa hivi majuma matatu, nikisikiliza usiku nyumba ikiwa imetulia, na leo nawaambia nilichosikia na kwa nini.

Hedifoni yenyewe ni Sennheiser HD 600, iliyoingia sokoni 1997. Ukinzani wake, yaani kiasi inachozuia umeme kupita, ni omu 300, na ukiipa volti 1 inatoa sauti ya desibeli 97. Kumbukeni namba hizo. Simu nyingi zenye tundu la hedifoni, pamoja na zile adapta ndogo za USB-C, hutoa kati ya volti nusu na volti 1. Utasema desibeli 97 si ni kelele tayari? Ndiyo, lakini hapo tunazungumzia vilele vya muziki, yaani pale sauti inapokuwa kubwa kabisa. Okestra iliyorekodiwa vizuri, wastani wake unaweza kukaa desibeli 20 chini ya kilele. Umebaki na 77, na kwa adapta ya volti nusu umebaki na 71. Unaongeza sauti hadi mwisho na bado vinanda viko mbali. Ukitaka vilele vifike desibeli 110 bila kukatwa, unahitaji volti 4 na nusu hivi, na nguvu yenyewe ni miliwati 67 tu. Kwa hiyo ukisoma tangazo la amplifaya yenye wati kadhaa, uliza kwanza inatoa volti ngapi kwa omu 300. Hedifoni zenye sumaku bapa, yaani zile ambazo utando mpana ulio bapa husukumwa na sumaku, kama HiFiMAN HE-6 ni mzigo wa namna nyingine: omu 50 tu, lakini nzito kusukuma, zinataka karibu nusu wati kufika hapo hapo.

Sasa hapa ndipo ninapopapenda, na sanduku la bidhaa mara nyingi halipataji. Amplifaya nayo ina ukinzani wake upande wa kutolea sauti. Hii nyeusi haifiki omu 1. Hii ya zamani ina omu 120, na wala si kasoro ya kiwandani, kwa sababu kiwango cha kimataifa cha IEC 61938 cha mwaka 1996 kilipendekeza namba hiyo hiyo. Shida ni kwamba HD 600 haikai kwenye omu 300 muda wote. Karibu na hezi 100, eneo la besi, ukinzani wake unapanda hadi kama omu 500. Ukiichomeka kwenye omu 120, volti zinagawanywa: pale hedifoni inapokuwa na ukinzani mkubwa ndipo inapopata fungu kubwa zaidi. Pigeni hesabu, besi inapanda kwa karibu desibeli 1. Nilisikia gitaa la besi likinenepa, likawa na joto fulani, na nakiri kwamba kwa nyimbo za zamani nililipenda. Ila hiyo ni sauti iliyopindishwa. Kwenye ile nyeusi, besi ilirudi mahali pake na ngoma ikawa kavu, yenye mpaka. Mimi natumia ile nyeusi.

Twende kwenye nyaya. Siku ya kwanza nilipovaa ule wa madini ya fedha nilisikia matoazi yaking'aa, moyo ukafurahi. Kisha nikachukua mita ya umeme, nikalinganisha volti kwenye jeki, na nikagundua sauti nilikuwa nimeiongeza kidogo bila kujijua. Sikio likipewa sauti iliyozidi hata kidogo, linaiita safi. Nilipozisawazisha, na mdogo wangu akanibadilishia nyaya nikiwa nimempa mgongo, nilibaki nikibahatisha. Na hesabu inakubali: waya wenye omu nusu mbele ya hedifoni ya omu 300 unapunguza desibeli 0.01 hivi. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa asilimia kama 6, na tofauti hiyo inapotea humo humo.

Lakini msifunge mjadala mapema. Zipo iafoni za kuingia ndani ya sikio zenye vispika vidogo kadhaa kila upande, na ukinzani wake unaweza kushuka hadi omu 5 sehemu moja ya masafa ya sauti na kupanda hadi 20 sehemu nyingine. Hapo waya mwembamba wenye omu 1 unabadilisha uwiano wa sauti kwa zaidi ya desibeli 1, na hilo linasikika. Tena iafoni za aina hiyo zikichomekwa kwenye amplifaya yenye nguvu nyingi, utasikia mvumo kama wa upepo hata kabla wimbo haujaanza.

Kuhusu nyaya za balansi, yaani zile ambazo kila sikio lina nyuzi zake mbili, za jeki ya milimita 4.4: amplifaya nyingi kwenye tundu hilo hutoa volti hadi mara mbili, yaani desibeli 6 zaidi. Desibeli hizo zinatoka kwenye amplifaya. Waya unazipitisha tu, basi.

Waya niliobaki nao ni huu wa kitambaa. Ule wa awali ulikuwa mgumu, na kila nilipogeuza shingo ulisugua kola ya shati, ile krr krr ikapanda hadi sikioni katikati ya wimbo wa taratibu. Huu umelala kimya kifuani. Sikilizeni, nausogeza karibu na maikrofoni, kwanza ule wa zamani… na sasa huu.