Saundi kadi na monita za studio ya chumbani: nunua ipi ukiwa Dar

Chumba ninachorekodia kiko Sinza, futi kumi kwa kumi. Kitanda kimeegemea ukuta mmoja, meza iko chini ya dirisha, na mtu akianza kuimba lazima feni izimwe na dirisha lifungwe, la sivyo bodaboda na bajaji zote za mtaa zinaingia kwenye wimbo. Wenzangu wengi wanaotengeneza Bongo Fleva, singeli na nyimbo za kwaya wako kwenye vyumba kama hiki: vya kupanga, soketi mbili, jirani ukutani. Naandika kwa ajili yao.

Bei za shilingi sitaziweka. Kariakoo kitu kilekile kina bei mbili ndani ya jengo moja, na dola ikipanda kila kitu kinapanda nayo. Nitapanga kwa thamani, yaani unachopata kwa unacholipa, na kwa namna kifaa kinavyovumilia chumba chetu na umeme wetu.

Kwanza mpangilio wa pesa. Kama hela ni ya vitu viwili tu, nunua saundi kadi na hedifoni nzuri, monita (spika za studio za kusikilizia unapomiksi) zisubiri. Hedifoni ya studio iliyofungwa kama Sony MDR-7506 au Audio-Technica ATH-M40x haijali kuta zako zikoje, na saa saba usiku haimwamshi mwenye nyumba. Hizo earphone za simu na hedifoni za bluetooth usimiksie kabisa, kwa bluetooth sauti inafika imechelewa, na besi mara nyingi imeongezwa makusudi.

Saundi kadi

Kazi yake ni kuchukua umeme mdogo sana unaotoka kwenye maiki, kuukuza kwa priampu, kuugeuza kuwa namba za kompyuta, kisha kurudisha namba hizo ziwe sauti. Muuzaji akikusifia 192 kHz, yaani kupima sauti mara 192,000 kwa sekunde, usiongeze hata shilingi mia kwa ajili hiyo. Wengi wetu tunarekodi kwa 44.1 au 48 kHz, 24-bit, na hiyo inatosha kabisa. Uliza mambo matatu: ina 48V, umeme unaowasha maiki za kondensa? Ina draiva yake yenyewe ya ASIO kwa Windows, yaani programu inayoifanya sauti isichelewe? Inapata umeme kwa waya wa USB?

Hilo la tatu wengi hawaliulizi, na kwa Dar mimi naliweka juu. Kuna jioni dada mmoja alikuwa anarekodi kiitikio, pumzi imekaa, machozi yanamlenga, umeme ukakatika. Taa zikazimika, monita zikanyamaza, feni ya jirani ikasimama. Laptopu ikaendelea kwa betri yake, saundi kadi ikala umeme wa laptopu, na yeye kwenye hedifoni hakusikia tofauti yoyote. Akamaliza kuimba gizani. Ndiyo sauti tuliyoitumia.

Nafasi ya kwanza naipa Behringer UMC202HD. Ina priampu mbili za Midas, 48V, mwili wa chuma na draiva yake, na inakula umeme wa USB. Ukitaka kurekodi mwimbaji na gitaa kwa pamoja, au maiki mbili kwa kwaya ndogo, inaweza. Haina urembo. Kwa maiki ya kondensa ya kawaida ni safi, na tofauti yake na ya bei ya juu huwezi kuisikia ukiwa kwenye chumba chenye ukuta wa saruji mtupu. Kinachobaki mfukoni kikanunue hedifoni.

Ya pili ni Focusrite Scarlett 2i2 kizazi cha nne, iliyotoka 2023. Ingekuwa ya kwanza kama bei isingekuwa karibu maradufu. Geini yake, yaani kiasi inachoweza kukuza sauti ya maiki, inafika dB 69, na hapa ndipo penye maana: kama una maiki ya dainamiki (isiyohitaji 48V) yenye sauti ndogo kama Shure SM7B, inayohitaji kama dB 60, hii inaisukuma bila kuongeza kifaa kingine katikati. Ina kitufe cha kujipangia geini yenyewe: msanii anaimba sekunde chache, inapima, inaweka. Halafu kuna ulinzi wa kushusha geini akipayuka ghafla. Kwa anayejirekodi peke yake, anayekimbia kati ya maiki na laptopu, huo ni msaada mkubwa. Angalia usichanganyiwe na Solo: Solo ya kizazi hichohicho ina nafasi moja ya maiki, geini inaishia dB 57, na haina hivyo vitu viwili nilivyotaja. Ni nzuri kwa mtu mmoja mwenye kondensa, basi.

Tatu, M-Audio M-Track Duo. Plastiki, nyepesi, 48 kHz, ina nafasi mbili za maiki na 48V. Ukiishika mkononi utaona kama mchezo wa mtoto, lakini inafanya kazi. Ndugu yake M-Track Solo inatoa sauti kwa matundu ya RCA, yale mekundu na meupe, kwa hiyo waya wa monita utakuwa wa aina nyingine. Duo ni bora.

Nne, Behringer UMC22. Priampu moja ya Midas, 48V, bei ya kuanzia. Shida yake iko kwenye Windows: unategemea ASIO4ALL, draiva ya jumla ambayo siku ukifungua programu mbili kwa pamoja inaweza kukataa kutoa sauti. Kwa anayeanza anayerekodi sauti yake tu juu ya biti iliyokwisha, itamsukuma mwaka mzima.

Zile V8 zenye taa za rangi na vitufe vya makofi na vicheko, zinazouzwa pamoja na maiki ya BM-800, sizipangi popote. Zimetengenezwa kwa watu wa laivu kwenye simu. Maiki ile inachomekwa kwa jeki ndogo ya milimita 3.5, haipati 48V kamili, na kelele ya chini unaisikia hata kabla mtu hajafungua mdomo. Ukijumlisha V8, maiki yake na adapta, hela hiyo inakaribia UMC22. Subiri mwezi mmoja.

Monita

Hapa ndipo nilipopoteza pesa. Mwanzo kabisa nilinunua monita za inchi 8 kwa sababu dukani zilitingisha vioo. Nikamiksi wimbo usiku mzima, kiki (ngoma nzito ya biti) ikanigonga kifuani, nikalala nimeridhika. Asubuhi tukaupiga kwenye daladala ya jamaa yangu wa njia ya Mbagala, na kiki haikuwepo. Chumba kilikuwa kinaniongezea besi, nami nikawa naipunguza kwenye mikisa bila kujua. Msanii alikuwa ameshalipa. Nilirudia kazi ile yote.

Hesabu yake ni nyepesi. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Chumba cha futi kumi kina mita 3 na kidogo. Gawa 343 kwa mara mbili ya urefu huo, unapata karibu 56. Yaani wimbi la 56 Hz (mitetemo 56 kwa sekunde) linakaa sawasawa kati ya kuta mbili: ukutani linavimba, katikati linakufa. Na chumba kikiwa mraba, kuta za upande wa pili zinafanya vilevile, juu ya masafa yaleyale ambamo kiki nyingi zinakaa. Tengeneza toni ya 56 Hz kwenye programu yako, iache ilie kwa wastani, kisha tembea polepole kutoka ukutani. Utasikia besi ikizama kadiri unavyosogea katikati, kama kuna mtu anashusha sauti, halafu ukikaribia ukuta wa pili inarudi.

Kwa hiyo kwa vyumba vyetu: inchi 5, usizidi 6.5. Usikae katikati ya chumba. Kwenye chumba cha mita 3, kichwa chako kikae kama mita 1.15 kutoka ukuta wa mbele. Trei za mayai ukutani hazigusi besi hata kidogo. Godoro kuukuu lililosimamishwa konani, pazia zito na kabati la nguo lililoachwa wazi nyuma yako vinasaidia zaidi, na tayari unavyo.

Chaguo langu la kwanza ni JBL 305P MkII. Inchi 5, inashuka mpaka 43 Hz, na sauti yake inatawanyika vizuri, kiasi kwamba ukiegemea pembeni au msanii akikaa kando yako kitandani picha ya sauti haivunjiki. Nyuma kuna swichi ya kupunguza besi kama spika iko karibu na ukuta. Kubwa zaidi kwetu: inapokea umeme wa volti 100 hadi 240 bila kubadili chochote. Ina mchuruziko mdogo wa kelele kwenye twita (spika ndogo ya sauti za juu), utausikia usiku ukikaa karibu. Mimi nimeuzoea.

Pili Yamaha HS5, ile yenye koni nyeupe. Kwa sauti ya mtu, hakuna inayoifikia kwenye bei hii: ukiweka sauti ya mwimbaji mahali pake kwenye HS5, inakaa mahali pake kila unapoipeleka. Ukali wa “s” na mgongano wa gitaa na kinanda vinajitokeza vyenyewe. Kwa kwaya, taarabu na Bongo Fleva ya kuimba ningeichukua kabla ya JBL. Lakini besi inaanza kupungua kwenye 74 Hz, na mtu wa singeli au amapiano atakuwa anakisia kinachoendelea chini. Hewa yake inatokea nyuma, kwa hiyo isibanwe ukutani, na utumie swichi yake ya chumba kushusha besi kwa dB 2 au 4. Jihadhari na jambo moja: HS5 huuzwa moja moja. Unaposikia bei nzuri, uliza ni ya spika moja au jozi.

Tatu KRK Rokit 5, ya njano. Tundu la hewa liko mbele, na hilo linaifaa meza iliyobanana na ukuta. G4, yaani kizazi chake cha nne, ina skrini nyuma ya kurekebisha sauti. Inapendezesha besi, na prodyuza wengi hapa mjini wanaipenda kwa hilo, kutengeneza biti nayo ni raha. Ukimiksia, linganisha na hedifoni kila baada ya nusu saa.

PreSonus Eris 3.5 iko nne. Inauzwa jozi, spika moja ndiyo yenye ampu, inaanzia kama 80 Hz. Ni ndogo na haidanganyi sana katikati. Kwa chumba kidogo kuliko changu, nayo pamoja na hedifoni, mtu anafanya kazi ya kulipwa.

Umeme na nyaya

Umeme wetu ni volti 230. Monita za Marekani zinazoletwa na ndugu kwenye begi zinaweza kuwa za volti 120 tu, na HS5 za soko la kule ni hivyo. Ukiichomeka ukutani, inaweza kuungua papo hapo. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kulipa: yakisema 100–240V au 220–240V, sawa. Monita zipitie kwenye friji gadi, hasa ya kuchelewesha umeme ukirudi, maana umeme unaporudi kwa kishindo ndipo vifaa vinapokufa.

Ukisikia mvumo spika zinapowashwa na chaja ya laptopu imechomekwa, usikate pini ya ethi. Chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja na utumie nyaya za TRS. Utazijua kwa macho: ncha ya jeki ina pete mbili nyeusi. Yenye pete moja ni ya gitaa, na dukani huchanganywa kwenye ndoo moja.

Siku ya kununua nenda na laptopu, hedifoni na maiki yako. Washa 48V, rekodi sekunde 30, zungusha kila kitufe polepole ukisikiliza mikwaruzo, tingisha waya kwenye kila tundu. Kwa Scarlett, jaribu kusajili namba yake ya utambulisho (serial), iliyo chini ya kifaa, papo hapo kwa intaneti ya simu, ikikataa, rudisha. Kwa monita, omba ziwashwe bila wimbo na uweke sikio kwenye kila moja: zikitofautiana kelele, huenda moja imeshafunguliwa na fundi. Risiti iandikwe namba za spika zote mbili.