Jezi za Ligi Zilizokufa: Kibanda cha Mitumba cha Ngamiani, Tanga

Kibanda ninachotaka kukielezea kipo Ngamiani, mjini Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara tunazozitaja kwa namba, baina ya fundi cherehani na muuza kahawa. Hakina kibao, na mwenyewe hujulikana zaidi kwa jezi za soka za Ulaya alizozitundika mbele. Kilichonifanya niandike ni kamba mbili zilizopo nyuma kabisa, kwenye ukuta wa mabati, ambako hutundika bidhaa anazoziita kwa jumla "jezi za raga". Kwa hakika ni jezi na fulana za futiboli ya Kimarekani, na kwa miezi minane ambayo nimekuwa nikipita hapo sijaona mahali pengine mjini kwetu ambapo mtu anaweza kuishika historia ya mchezo huo kwa mikono yake kwa shilingi 12,000.

Niliufahamu mchezo huu nikiwa sekondari, kupitia majarida ya zamani aliyotuachia mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, na tangu wakati huo nimeufuatilia kama wenzangu wanavyofuatilia ligi ya Uingereza. Kilichonivutia zaidi ni zile ligi zilizojaribu kushindana na NFL, ligi kuu ya mchezo huo Marekani. NFL yenyewe iliundwa mwaka 1920 mjini Canton, Ohio, katika duka la magari, Jim Thorpe akiwa rais wake wa kwanza, na jina ililonalo ililichukua mwaka 1922. Miaka minne tu baadaye ilikwisha pata mpinzani. Sisi wa Tanga tuna msemo wetu wa waja leo waondoka leo, na ligi nyingi za upinzani zilikuwa hivyo hivyo. Lakini kila moja ilipoondoka iliacha mizigo yake ndani ya nyumba, na mizigo hiyo ndiyo NFL inayoivaa hadi leo. Kamba za nyuma za kibanda hiki zinaonyesha jambo hilo vizuri kuliko maelezo mengi niliyowahi kuyasoma.

Nianze na jezi niliyoinunua mwanzo. Ni ya Houston Oilers, rangi ya samawati iliyofifia mabegani, namba 34 kifuani na mgongoni, na juu ya namba hiyo jina CAMPBELL. Kitambaa chake kina vitundu vidogo vidogo vya kupitishia hewa. Namba zimeshonwa kwa tabaka mbili, jeupe juu na jekundu chini likichungulia pembeni, na ukizipitishia kidole utasikia mshono ulivyo mnene na ulivyonyooka, isipokuwa chini ya tarakimu ya 4 ambako uzi umeachia kiasi cha urefu wa kucha. Kwapa la kushoto lilikwisha tiwa kiraka na mtu mwenye subira, huko ilikotoka, kwa uzi wa rangi ile ile. Muuzaji alipoona naigeuza mara ya tatu aliniambia, "Mgosi, hii rangi imekwisha, nipe elfu kumi na mbili uende nayo." Nilimpa bila kupatana naye zaidi.

Earl Campbell alikuwa mkimbiaji, yaani yule anayekimbia na mpira mkononi, mwenye mapaja mazito ambaye mabeki walikuwa wakimrukia na kuburutwa. Usiku wa tarehe 20 Novemba 1978, katika mwaka wake wa kwanza wa kulipwa, alikimbia yadi 199 na kufunga mara nne dhidi ya Miami, na Oilers wakashinda kwa 35 kwa 30. Mechi hiyo ilichezwa Astrodome, uwanja uliofunguliwa mwaka 1965 ukiwa na paa juu yake lote. Nyasi za asili zilikufa humo baada ya vioo vya paa kupakwa rangi ili kupunguza mwako uliowasumbua wachezaji wa besiboli, na ndipo zikatandikwa nyasi za bandia mwaka uliofuata. Leo huwezi kuikuta klabu yenye jina la Oilers katika NFL, kwa kuwa baada ya msimu wa 1996 mmiliki aliihamishia jimbo la Tennessee, na tangu mwaka 1999 inaitwa Titans. Msomaji wa Tanga afikirie Coastal Union ikihamia Mwanza na kubadilishwa jina, huku uwanja wake wa Mkwakwani ukibaki kimya. Watu wa Baltimore waliyaona makubwa zaidi: usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1984 malori yalipakia mali yote ya klabu yao ya Colts na kuipeleka Indianapolis, na kulipokucha hapakuwa na timu.

Lakini Oilers ina umuhimu mwingine. Ilikuwa miongoni mwa timu nane zilizoanza na AFL mwaka 1960, ligi iliyoasisiwa na Lamar Hunt baada ya kukosa nafasi ya kuingia NFL, na ndiyo iliyotwaa ubingwa wa misimu miwili ya kwanza. Jina la Campbell lililopo mgongoni mwa jezi yangu ni urithi wa ligi hiyo. AFL iliwaandika wachezaji wake majina mgongoni tangu msimu wa kwanza ili watazamaji wa televisheni wawatambue, wakati NFL haikuyafanya kuwa ya lazima hadi mwaka 1970, ligi hizo mbili zilipokamilisha kuungana. Kila kijana wa Ngamiani anayevaa jezi ya mchezo huu yenye jina la mtu amevaa wazo la ligi iliyokufa miaka zaidi ya 50 iliyopita.

Kwenye kamba hiyo hiyo kulikuwa na jezi ya kijani ya New York Jets, namba 12, iliyoandikwa NAMATH. Ni toleo la kuuzia mashabiki lililotengenezwa na Reebok, namba zake zikiwa za kubandikwa, na bei yake ilikuwa shilingi 15,000. Joe Namath alikuwa kwotabeki, yaani yule mrushaji anayeongoza mashambulizi, na mwaka 1965 aliikataa timu ya NFL iliyomchagua akajiunga na Jets kwa mkataba uliotangazwa kuwa wa dola 427,000. Mikataba ya namna hiyo iliwachosha wamiliki wa pande zote, na mwezi Juni 1966 wakakubaliana kuungana. Wengi bado waliamini kwamba AFL ni ligi ya watoto, hadi tarehe 12 Januari 1969, katika uwanja wa Orange Bowl mjini Miami, Namath alipoiongoza Jets kuwafunga Colts wa Baltimore 16 kwa 7 katika Super Bowl ya tatu, fainali ya mabingwa wa ligi hizo mbili, baada ya kuahidi hadharani kwamba wangeshinda.

Hapa nieleze kasoro ya kibanda, maana inanisikitisha. Muuzaji hupanga bei kwa kufuata mwangaza wa rangi na jina la kampuni, hivyo jezi mpya za Nike zenye namba za mpira huenda hadi shilingi 25,000 huku zile za kushonwa za miaka ya nyuma zikitupwa chini ya meza. Hilo mnunuzi kama mimi linamfaa. Lisilovumilika ni kwamba nguo hizo hunyooshwa kwa pasi ya mkaa yenye moto mkali bila kuwekewa kitambaa juu, na nimeshuhudia jezi ya Cleveland Browns, kahawia, namba 32, ikiwa na tarakimu ya 2 iliyoyeyuka na kujikunja kama ganda la ndizi. Pia baadhi ya mikono hukatwa kwa fundi jirani kwa sababu wateja huiona mipana mno. Nilimweleza muuzaji kwamba mikono na mabega hayo yalikatwa hivyo kwa kuwa mchezaji huvaa kinga nene za mabega ndani, akanisikiliza kwa heshima, na tangu siku hiyo huniwekea kando zilizo kamili. Pasi bado.

Ile Browns niliinunua hivyo hivyo, kwa shilingi 6,000, kwa sababu klabu hiyo ililetwa na ligi nyingine ya upinzani, AAFC, iliyocheza misimu minne kuanzia 1946. Browns ya kocha Paul Brown ilitwaa ubingwa wa misimu yote minne. Ilipopokewa NFL mwaka 1950 ilipelekwa kucheza mechi yake ya kwanza na mabingwa, Philadelphia Eagles, ikawafunga kwao 35 kwa 10, na mwisho wa msimu ikawa bingwa wa ligi iliyokuwa ikiidharau. Mwaka huo wa 1946 ndio pia uliorudisha wachezaji weusi, ambao NFL ilikuwa haijawa nao tangu msimu wa 1933. Browns iliwachukua Marion Motley na Bill Willis. Upande wa NFL, Rams walikuwa wakihamia Los Angeles na wakihitaji uwanja wa Coliseum, uliojengwa kwa fedha za umma. Waandishi weusi wa mji huo wakashikilia kwamba timu inayowabagua watu weusi isipewe uwanja huo, na Rams wakamsajili Kenny Washington, kisha Woody Strode. Kila ninapopita Mkwakwani na kukumbuka jinsi Coastal na African Sports walivyougawana uwanja mmoja, naona wazi kwamba mwenye ufunguo wa uwanja ana nguvu kuliko mwenye timu.

Fulana hupatikana kwa shilingi 5,000, nazo zina hazina yake. Niliokota moja nyekundu ya New Jersey Generals, klabu ya ligi ya USFL iliyocheza majira ya kuchipua kuanzia 1983 hadi 1985 na kumvuta Herschel Walker kabla hajamaliza chuo. Wamiliki wa klabu za USFL, Donald Trump akiwa mbele, walitaka kuhamia majira ya NFL na wakaishtaki ligi hiyo kwa uhodhi. Mwaka 1986 baraza la wazee wa mahakama liliwapa ushindi na fidia ya dola 1, ambayo kwa sheria huzidishwa mara tatu. Ligi haikucheza tena.

Nyingine ilisema Chicago Bears ni mabingwa wa Super Bowl ya tarehe 4 Februari 2007. Siku hiyo Bears walifungwa na Colts 29 kwa 17. Fulana za ubingwa huchapwa mapema kwa timu zote mbili, na kwa miaka mingi zile za walioshindwa zilikabidhiwa shirika la World Vision kugawiwa nje ya Marekani. Niliirudisha kambani nikamweleza muuzaji, naye akaamua kuitunza.

Anayetaka kwenda aende Jumamosi asubuhi, belo linapofunguliwa. Aangalie ngao ya NFL kwenye kola: yenye nyota 25 ni ya kabla ya mwaka 2008, yenye nyota 8 ni ya baada ya hapo. Ageuze jezi ndani nje aone mishono, na aiombe kabla haijapigwa pasi. Wiki iliyopita niliacha malipo ya awali kwa jezi nyekundu ya Kansas City, namba 35, ya Christian Okoye, Mnigeria aliyekwenda Marekani kurusha kisahani na mwaka 1989 akaongoza NFL kwa kukimbia yadi 1,480. Bega lake la kulia lina doa la kutu, na nimekwisha nunua ndimu.