Kutengeneza dari la pikapu ya zamani kwa bajeti ndogo: nini cha kununua na kipi uache dukani

Bati la paa la Land Rover Series III, Datsun 1200 au Land Cruiser pikapu iliyoachwa juani mchana kutwa linaweza kufika nyuzi joto 70, hasa likiwa la rangi iliyokolea. Usiku linapoa, na unyevu wa ndani ya kabini unageuka matone chini yake. Dari linakaa hapo hapo, joto juu na unyevu ubavuni. Kwa hiyo pesa ielekee kwanza kwenye gundi, kisha kwenye bodi, na kitambaa kiwe cha mwisho. Wengi huanza na rangi ya kitambaa, halafu baada ya masika moja tu dari linawalalia kichwani.

Kabla ya kununua chochote, jua dari lako ni la aina gani. Aina ya kwanza ni bodi ngumu iliyovikwa kitambaa, ikashikwa na skrubu, klipu na fremu za pembeni. Ya pili haina bodi: ni leza, yaani ngozi bandia, iliyotundikwa kwenye pinde za chuma, kingo zake zikabandikwa chini ya raba ya kioo cha mbele na cha nyuma. Hiyo ya pili mpelekee fundi viti akushonee mifuko ya kupitishia pinde, na uifanye wakati vioo vimetolewa. Pinde zipe namba kwa utepe wa karatasi kuanzia mbele, kwa sababu kila moja ina mkunjo wake; ukizichanganya, leza haitanyooka hata uivute vipi. Yanayofuata hapa ni ya dari la bodi.

Gundi

Chaguo la kwanza ni gundi ya kupuliza iliyotengenezwa kwa dari za magari, ambayo kopo lake linataja wazi kwamba inahimili joto kubwa. Nyuzi 70 ndicho kiwango cha chini kabisa cha kukubali, na ukipata cha juu zaidi, chukua. Kwa kabini ya milango miwili nunua makopo mawili, kwa sababu inapulizwa pande zote, bodi na kitambaa. Gundi ya kupuliza ya kubandikia karatasi na mapambo inafanana nayo kwa sura na bei yake ni nafuu zaidi, lakini joto la paa linaiachisha.

La pili, na ndilo la watu wengi, ni gundi ya njano wanayotumia mafundi viti na mafundi viatu. Lita moja inatosha na kubaki. Inashika vizuri, ila huwa laini kwenye joto kali, hivyo soma kopo. Kosa la kawaida ni kuipaka nzito: inazama kwenye sponji iliyo mgongoni mwa kitambaa, sponji linakakamaa, na madoa yanatokeza upande wa mbele. Paka nyembamba kwa brashi pana, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kwenye mgongo wa kidole, ndipo ukutanishe. Ukiwahi kabla haijakauka, mvuke unanaswa ndani na kufanya mapovu. Fanyia nje au mahali penye upepo, mbali na moto.

Gundi nyeupe ya mbao usiinunue kwa kazi hii. Unyevu na joto vinailegeza.

Bodi

Hadibodi ya milimita 3 ndiyo tunayoiweka ya kwanza. Karatasi ya futi 4 kwa 8 inapatikana kwenye maduka mengi ya mbao, inatosha kabini moja, na ukiinunua kwa nusu unaweza kutosheka kama kabini ni ndogo. Sifa yake kubwa ni kukubali kukunjwa. Lowesha upande wa mgongo wenye chengachenga kwa maji ya moto, ilaze juu ya pipa, ifunge kwa kamba na uiache usiku kucha ikauke. Itabaki na mkunjo. Adui yake ni maji. Ikivuja paa, inavimba ukingoni na haitarudi. Ipake vanishi au rangi ya mafuta pande zote mbili na kwenye kingo, iache ikauke kabisa, kisha kwaruza upande wa kitambaa kwa msasa ili gundi ishike. Matundu ya skrubu nayo yapakwe. Maji hupenda kuanzia hapo.

Plaiwudi ya milimita 3 ni nyepesi zaidi na inastahimili maji vizuri kidogo kuliko hadibodi isiyopakwa, lakini inakunjika vizuri upande mmoja tu. Kwa paa lenye mkunjo wa kushoto kwenda kulia pekee ni nzuri. Kwa paa lililobonyea pande zote kama bakuli, itapasuka pembeni.

Plastiki yenye mifereji ndani, ile ya mabango ya uchaguzi na matangazo, haiogopi maji, haina uzito, na mara nyingi inapatikana bure. Tatizo ni kwamba gundi nyingi haziishiki. Ikwaruze kwa msasa namba 80 na ujaribu kipande kidogo kwanza: kibandike, kiache siku mbili juu ya dashibodi juani, kisha kivute. Kikichomoka chote kama karatasi ya pipi, achana nayo.

Bodi nyeupe ya plastiki nyepesi wanayotumia wachora mabango inavutia kwa sababu inakatika kwa kisu na ina uso laini. Tunaiweka mwisho. Inaanza kulainika kwenye joto lile lile la paa, na katikati ya dari inashuka kama chandarua. Boksi la katoni lina kazi moja tu, kukatia kielelezo.

Kitambaa

Kitambaa cha dari chenye sponji ya milimita 3 mgongoni ndicho kinachosamehe makosa, kwa kuwa sponji inaficha vijibonde vya bodi. Mita moja na nusu hadi mbili inatosha kabini nyingi. Acha sentimita 5 hadi 8 za kukunja kila upande. Kapeti laini linalovutika, la kuvishia maboksi ya spika, ni la pili: halina sponji ya kuoza, linavutika kwenye kona, na linavumilia gundi ya brashi. Leza ni rahisi kufuta vumbi na moshi, lakini inaonyesha kila chembe ya mchanga iliyobaki chini yake. Kitenge au pamba nyepesi hupendeza siku ya kwanza, kisha gundi inapenya na kuacha mabaka. Ukikitaka, kishonewe sponji nyembamba mgongoni kwanza.

Kazi yenyewe

Kama unatumia tena bodi ya zamani, kwangua sponji yote iliyogeuka unga mpaka ufikie bodi tupu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia: gundi mpya inashika ule unga, nao haujashika chochote.

Kielelezo cha katoni kikatwe katika vipande viwili, uviunganishe kwa utepe vikiwa ndani ya kabini vikifuata paa. Chora hapo taa, vikinga jua na kioo cha kuangalia nyuma. Bodi ikatwe pungufu kwa milimita 3 kila upande, kwa sababu kitambaa kilichokunjwa kinaongeza unene. Ijaribu ikiwa tupu kabla ya kuivisha; lazima ipite mlangoni, na hadibodi inapita ukiikunja kidogo.

Bandika kuanzia katikati kwenda nje, ukisukuma kwa kiganja, nusu moja kwanza na nyingine ikiwa imekunjwa nyuma. Usivute sana: sponji iliyonyooshwa mno inachoka na kukatika kwenye kona.

Kabla ya kurudisha bodi, kagua kutu kwenye bati na uzibe panapovuja. Ukitaka kupunguza joto na kelele, bandika sponji isiyopitisha maji, ile ya magodoro ya mazoezi, moja kwa moja kwenye bati. Sponji ya godoro la kulalia inanyonya maji kama sifongo na kulea kutu. Skrubu ziwe fupi kama za awali. Iliyo ndefu kwa milimita chache hutoboa paa au nyaya za taa.

Acha vioo wazi kidogo kwa siku moja ili harufu ya gundi itoke, kisha bonyeza kingo zote tena kabla ya kukaza fremu za pembeni.