Chumba cha nyuma cha saluni, Mbeya mjini: nyota nne

Jina la saluni silitaji, wala mtaa, wala siku tunayokutana. Sisi ni makuchu, watu wa mapenzi ya jinsia moja; Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatupa jela miaka 30 mpaka maisha, na mwenye saluni ana watoto wanaosoma. Anayehitaji kufika ataletwa na mtu anayemjua, kama nilivyoletwa mimi miaka minne iliyopita.

Mbele ni saluni kama nyingine: madrai mawili, kioo kirefu, picha za misuko ukutani. Ukipita pazia kuna benchi, mkeka na viti sita vya plastiki. Mchango ni shilingi 3,000 unazoweka kwenye kopo la mafuta ya nywele, na asiyekuwa nazo haulizwi. Unapata chai ya tangawizi ya majani ya Rungwe, maandazi, na msimu wake ukifika, nusu parachichi na chumvi. Chai ni nzuri kweli. Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikikamata, kikombe unakishika kwa mikono miwili.

Mwenye saluni tunamwita Shangazi. Yeye si kuchu. Mdogo wake ndiye alikuwa mwenzetu, akafukuzwa nyumbani, akahama na hajarudi. Akishamimina chai anakwenda kukaa mlango wa mbele. Akija mteja, anakohoa.

Kwa nini nakipa nyota nne chumba kidogo namna hii? Kwa sababu ya matanga.

Mwaka huu mmoja wetu alifiwa na mtu aliyeishi naye miaka tisa. Mazishi yalikuwa Tukuyu. Msibani alitambulishwa kama rafiki wa marehemu, akakaa na wafanyakazi wenzake, na zamu yake ya kutupia udongo ilikuja baada ya majirani. Alipompa pole mama wa marehemu, mama akamjibu, "Asante baba, pole na wewe kwa kupoteza rafiki." Jioni hiyo hiyo akapanda Kosta kurudi mjini, kwa kuwa kesho yake alikuwa kazini. Ruhusa ya kufiwa angeiombea nani?

Tulipokutana tena, Shangazi alikuwa ameshatoa viti na kutandika mkeka, na amepika kande. Tukampa mkono mmoja mmoja: pole kwa kufiwa na mwenzio. Alipolisikia hilo neno, mwenzio, akalia kwa mara ya kwanza tangu siku ya kifo. Akatusimulia habari za marehemu mpaka kiza kikaingia, jinsi alivyokuwa akikoroma, jinsi alivyochagua viazi sokoni. Rambirambi tulichanga 64,000.

Vijana wengine wanasema siku hizi kuna simu, chumba cha nini. Kwenye simu unaongea na picha. Tunaye kijana aliyeitwa na picha ya namna hiyo, akakuta wanaume watatu, wakamnyang'anya kila kitu na kumdai hela kwa wiki kadhaa, na polisi asingeweza kwenda. Hapa sura unaiona na aliyemleta unamjua. Wengine wanauliza kwa nini tusikutane sehemu rasmi. Nawakumbusha mwaka 2017, serikali iliposimamisha huduma za UKIMWI kwenye vituo 40 vilivyohudumia makundi maalumu, sisi tukiwemo. Zilikuwa huduma za afya tu, na bado zilifungwa.

Baa ya makuchu ya Stonewall Inn, New York, ile ambayo wateja wake walikataa kutawanyika polisi walipoivamia Juni 28, 1969, haikuwa na maji ya bomba kaunta. Glasi zilichovywa kwenye beseni. Watu waliipigania hivyo hivyo, maana ndani yake waliweza kucheza muziki wawili wawili. Huwa naiwaza nikiona vijana wetu wanasuuza vikombe kwenye beseni la kuoshea nywele.

Nyota moja nimeitoa kwa ajili ya jiko. Kwa kuogopa masikio ya majirani tunafunga mlango na dirisha, na jiko la mkaa liko ndani. Mara mbili nimetoka kichwa kinagonga, na moshi wa mkaa unaua watu usingizini. Nimemwomba Shangazi jiko likae uani, chai iletwe kwa chupa. Amekubali. Chupa kubwa nitampelekea mimi. Nimeshaiona Mwanjelwa kwa 35,000.